Vitabu vya watoto wadogo kwa franka 90,000

 

Tangu niliposema kwenye redio kwamba wamama wa kikundi kimoja cha wakimbizi wa ndani wamechanga pesa za kununua vitabu vya watoto, watu wananipigia simu kila siku. Wengine wanauliza vinapatikana wapi, wengine bei. Baba mmoja aliuliza kama tumepata wazimu. Kwenye habari ninapewa dakika tatu tu, na dakika tatu hazitoshi jambo hili. Basi naliandika hapa lote.

Kikundi chenyewe kina wamama 18. Wanauza ndagala, makala, mihogo, na wana likelemba yao ya kila juma. Mwezi uliopita walikubaliana kila mmoja atoe franka 5,000 nje ya likelemba, jumla 90,000, juu ya watoto ambao bado hawajaanza shule na wale wa mwaka wa kwanza na wa pili. Watoto ni thelathini hivi, wa kuanzia miaka mitatu mpaka minane. Shule ya karibu imejaa, na mtoto wa miaka mitano anashinda anazunguka kati ya vibanda. Wakaniita. "Wewe Mama Redio, unajua kusoma na unajua muji. Utununulie."

Franka 5,000 kwa mama anayeuza makala ni chakula cha nyumba yake. Nilitembea na pesa hiyo siku tatu kama mtu aliyebeba mayai. Yule baba wa wazimu alikuja mpaka kwenye mkutano wa wamama akasema mbele ya wote: "Mtoto anakulaka kitabu?" Mama mmoja akamjibu bila kuinua macho toka kwenye unga wake: "Na hiyo redio yako, unaikulaka?" Watu walicheka, naye akakaa. Mpaka leo anakuja kusikiliza hadithi, anajifanya anapita tu.

Hapa Kalemie, ukitaka kitabu, kuna maduka ya vifaa vya shule, kuna watu wanaotandika vitu vya mitumba chini, na kuna wafanyabiashara wanaovuka ziwa toka Kigoma. Kila mahali pana kitabu cha namna yake.

Madukani utapata vitabu vya shule vya Kifaransa, kaye, biki, Biblia, na vile vijitabu vyembamba vya silabi. Wazazi wengi wakisikia "kitabu cha mtoto" wanawaza hicho cha silabi. Ni kitabu kizuri kwa kazi yake, na mwalimu anakihitaji. Lakini jaribu kukaa na mtoto wa miaka minne jioni umsomee "ba, be, bi, bo, bu". Ataondoka kabla hujafika kwenye "da". Hakuna mtoto aliyewahi kulia akiomba asomewe silabi mara ya pili, na kwa umri huo mimi ninapima kitabu hivyo: mtoto atakiomba tena? Mwaka wa kwanza shuleni silabi zitamkuta tu. Kabla ya hapo ajue kwanza kwamba ndani ya karatasi kuna watu, wanyama na mambo ya kuchekesha, na kwamba mama yake naye anapenda kuyajua.

Kwenye mitumba niliinama karibu asubuhi nzima. Vitabu hivi vinakuja na mabale ya nguo toka Ulaya, na muuzaji anavipanga kwa unene. Kinene ni bei kali, chembamba bei rahisi, hata kama kinene ni cha kupika keki. Nilifungua kimoja chenye picha safi kabisa, mtoto mwenye mashavu mekundu anasukuma donge la theluji. Binti yangu wa miaka minne alikuwa nami. Akauliza: "Mama, huyu mutoto anavaa mablanketi yote haya juu ya nini?" Nikaeleza baridi, nikaeleza barafu, nikaeleza kwamba maji yanaanguka toka juu kama unga. Tulipofika ukurasa wa nne nilikuwa nimechoka, na yeye alishaanza kuangalia viatu vya muuzaji wa pembeni.

Sisemi theluji ni mbaya. Mtoto ana haki ya kujua kwamba kuna watu wanaishi kwenye baridi. Lakini ukiwa na pesa ya vitabu saba tu kwa watoto thelathini, kile ambacho kila ukurasa unahitaji hotuba ya mama kinaweza kungoja. Na mama mwenyewe, kama hakuzoea kusoma, atakwama mbele ya kasri na dubu mweupe, aone haya, akiweke chini. Kitabu kikimtia mama haya, mtoto hatakisikia tena.

Hata hivyo kwenye mitumba hiyohiyo ndiyo nilipata kitabu kilichotupa furaha nyingi kuliko vyote. Ni cha wanyama, kurasa ngumu kama mbao nyembamba, picha kubwa za tembo, kiboko, mamba, kobe, na chini yake neno moja tu la Kifaransa. Muuzaji alitaka 15,000, akashuka mpaka 12,000. Ni bei kali, nakubali. Kambini mama mmoja aliyetoka Manono alitaja kila mnyama kwa Kiluba, mwingine akajibu kwa lugha ya kwao, watoto wakasema Kiswahili, na kijana wa mwaka wa tano wa msingi akasoma lile neno la Kifaransa. Kiboko akapata majina manne. Hakuna aliyeshindwa kukisoma, hata bibi mmoja ambaye hakukanyaga shule maisha yake yote. Yeye ndiye aliyesimulia zaidi, kwa sababu kiboko alishamwona kwa macho yake.

Sasa nifike mahali palipoleta maneno.

Kati ya vile vya chini kulikuwa na kitabu cha zamani cha Kifaransa juu ya watu wa msituni wa Afrika. Picha zake ni nzuri, bei yake 3,000 tu, na kurasa ni nyingi. Ndani yake Watwa wamechorwa wadogo kama watoto wenye ndevu, wanarukaruka, wanaogopa saa ya mkononi ya mzungu, na mtu wa kijijini anawacheka. Kwenye kikundi chetu kuna wamama Watwa na wamama Waluba. Kila mtu wa jimbo letu la Tanganyika anajua nyumba ngapi ziliungua 2016 na 2017 wakati wapiganaji wa pande hizo mbili walipopigana, na jinsi dharau ya miaka mingi ilivyokuwa kuni za moto ule. Familia hizi leo zinachota maji kwenye bomba moja. Nikakirudisha chini.

Nilipowasimulia wamama jioni ile, mmoja alisema ningekinunua tu, picha ni picha, watoto hawajui. Mama Mtwa aliyekuwa pembeni, mtu ambaye husema kidogo sana, akasema: "Banajua. Mutoto wangu banamuitaka vile kwenye bomba." Kukawa kimya. Kisha mwenyekiti wa kikundi akatoa amri, na tangu siku hiyo ndiyo sheria ya kununua: "Kitabu ya kucheka batu, hata ya bure, rudisha."

Ninawaomba wazazi muitumie sheria hiyo popote mlipo. Kabla ya kulipa, angalia ni nani anachekwa katika picha. Angalia pia nani anafanya nini. Niliona kitabu kimoja ambacho mvulana anasoma chini ya mti kurasa zote, na dada yake anapita nyuma na ndoo kichwani toka mwanzo mpaka mwisho, hapewi hata jina. Binti zetu wanaibeba hiyo ndoo kila siku. Tusilipe tena pesa ili waione kitabuni.

Vitabu vingi tulinunua kwa mfanyabiashara wa Kigoma, sita, kila kimoja franka 7,000. Ni vya Kiswahili cha Tanzania, vyembamba, vyenye picha za rangi, hadithi fupi za kuku, za mbuzi aliyepotea, za mtoto na bibi yake. Tanzania wenzetu walianza zamani kazi hii. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa kule ulianza 1991, na nyumba ya vitabu ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka huohuo. Wako na waandishi waliojitoa kwa watoto, kama mama Elieshi Lema. Ndiyo maana mashua ikivuka inaweza kubeba hadithi pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia. Kwa upande wetu yuko Dominique Mwankumi, Mkongomani anayechora na kuandika vitabu vizuri vya watoto juu ya maisha ya mtoni, lakini vitabu vyake vilitoka Ufaransa, kwa Kifaransa, na katika siku zangu tatu sokoni sikukiona hata kimoja.

Kiswahili cha Tanzania kinaleta vituko vyake. Ukurasa wa pili tu nikasoma "kisamvu". Watoto kimya. Kisamvu ni nini? Nikaonyesha picha, majani ya muhogo kwenye sufuria. "Aaa, sombe!" wakapiga kelele wote. Kisha ikaja "baiskeli", na kijana mmoja akanirekebisha kwa ukali: "Ile ni kinga." Ugali wakauita bukari. Baada ya hapo ikawa mchezo. Nikisoma neno la Kigoma, wao wanarusha la Kalemie. Wazazi wengine waliogopa kwamba watoto watachanganyikiwa. Niliyoona ni kinyume. Mtoto anayejua kwamba sombe ina jina jingine ng'ambo ya ziwa anajiona mwerevu, na anaulizia mengine.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa juu ya Kifaransa, na haujaisha. Mama mmoja, mjane, mwenye watoto wanne, aliniambia wazi kwamba pesa yake haikutoka ili mtoto afundishwe Kiswahili, Kiswahili anacho tayari. Mtihani ni wa Kifaransa, karatasi za serikali ni za Kifaransa, na mtu asiyekijua anapigwa chenga kwenye kila ofisi. Ni kweli, na ameyapata hayo mwenyewe alipotafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Sikumjibu kwa haraka. Nilimwambia ninachokijua: katika nchi yetu Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha hizo zitumike kufundishia. Mtoto anayejifunza kusoma katika lugha anayoisikia anajua mara moja kama amesoma sawasawa, kwa sababu neno analolitamka analifahamu. Akisoma "mbuzi" anamwona mbuzi. Akisoma "chèvre" kabla hajaijua, anatoa sauti tu, na sauti inaweza kumpa pointi bila kumpa chochote kingine. Akishajua kazi ya kusoma, ataibeba mpaka kwenye Kifaransa.

Alinisikiliza, akasema: "Sawa, lakini ya wanyama isomwe kwanza na Kifaransa." Tukakubaliana hivyo. Bado hajaridhika, na kwa sehemu nina upande wake. Mzazi masikini haruhusiwi kubahatisha na mtoto wake.

Kuhusu kuchagua chenyewe, wengi mnauliza mtu asiyejua kusoma atachaguaje. Anaweza. Fungua katikati, funika maneno kwa kiganja, halafu jaribu kusimulia picha. Ukiweza kusema jambo kwa kila picha, na ukatamani kufunua ukurasa unaofuata, hicho ni chako. Picha zikiwa ni watu wamesimama tu wanatazamana, acha. Kwa anayejua kusoma, soma ukurasa mmoja kwa sauti palepale sokoni, usione haya. Ukikatika pumzi kabla ya mwisho wa sentensi, mtoto wa miaka minne alishakuacha njiani. Kwa wa miaka mitatu, mstari mmoja kwenye ukurasa unatosha. Wa miaka saba anaweza kubeba mistari mitano au sita.

Na watoto waliokimbia vita je? Wamama walisema tangu mwanzo: hakuna bunduki, hakuna nyumba inayoungua, hakuna watu wanaokimbia usiku. Nililiheshimu neno lao, wao ndio wanaolala na watoto hao na kuamshwa na kilio. Lakini nilishangaa na kile ambacho watoto wenyewe walichagua. Kati ya vile sita, kinachoombwa kila jioni ni cha mbuzi aliyepotea. Mbuzi anapotea, anatafutwa, usiku unaingia, watoto wanakaza macho, wengine wanashikana mikono. Kisha anaonekana. Wanashangilia kana kwamba hawakujua, na jana yake walishangilia vilevile. Msichana mmoja mdogo, ambaye baba yake hajulikani yuko wapi mpaka leo, anataka ukurasa wa mwisho usomwe mara mbili. Kwa hiyo sikubali kwamba hadithi ya watoto hawa sherti iwe na furaha tu toka mwanzo. Hofu kidogo ndani ya kitabu wanaiweza, mradi mtu mzima yuko karibu na mbuzi anarudi.

Pesa ilikuwa inaisha na watoto bado ni wengi. Hapa telefone ilisaidia. Kuna hadithi za bure kwenye intaneti, za African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika Kusini. Nyingi ziko kwa Kiswahili, zina picha, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha na kuzigawa mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Nilichagua nane. Kwa kuweka kurasa mbili kwenye karatasi moja, kila hadithi ilikula karatasi 8, jumla 64, na kijana wa fotokopi alinitoza franka 400 kwa karatasi: 25,600. Zilitoka nyeusi na nyeupe. Mwanzoni wamama walisikitika, kisha mmoja akaleta krayo za rangi za mtoto wake na watoto wakapaka wenyewe. Sasa tuna mamba wa zambarau. Tulizishona mgongoni kwa uzi wa nyavu alioutoa mume wa mama mmoja, mvuvi. Uzi ule haukatiki, kurasa zitachakaa kwanza.

Hesabu niliisoma mbele ya kikundi, nairudia hapa kwa walioniuliza. Vya Kigoma 42,000. Cha wanyama 12,000. Karatasi 25,600. Skochi, gamba la plastiki na sindano kubwa 6,000. Jumla 85,600.

Kitu kimoja cha kambini watu wa mjini hawakiwazi: kitabu kitalala wapi. Turubai linavuja, panya wapo, na mtu anaweza kulazimika kuondoka akiwa na kile tu anachoweza kubeba. Ndiyo maana sikununua kikubwa cha kupamba kabati, hata kile kimoja kizuri sana cha ramani. Vyote vinaingia kwenye ndoo moja ya plastiki yenye kifuniko, ndoo ya zamani ya rangi iliyooshwa vizuri. Ndoo inahama kila jioni toka kibanda mpaka kibanda, na kaye ya kikundi inaonyesha iko kwa nani. Pasipo na anayejua kusoma, anaitwa mtoto mkubwa wa jirani. Kijana yule wa mwaka wa tano sasa ana kazi karibu kila usiku, na wamama wanampa kiazi kitamu. Anasema yeye ni mwalimu, mshahara wake unafika kwa wakati kuliko wa walimu wengine.

Zimebaki franka 4,400. Wamama wamegawanyika. Wengine wanataka mawe ya tochi, kwa sababu giza linaingia mapema na hadithi inakatwa katikati. Wengine wanasema ziongezwe 2,600 ili kipatikane kitabu kimoja zaidi toka Kigoma mashua ikirudi. Watakutana Jumapili baada ya ibada. Wakati huohuo mvulana mmoja wa miaka saba, aliyezaliwa kando ya reli, ameniuliza mara tatu kama kuna kitabu chenye treni. Sijakiona. Msikilizaji aliye nacho, cha Kifaransa au cha Kiswahili, akilete redioni mchana wowote. Tutakishona kama kimechanika.